Matuta ya St Lucia: waliokataa mgodi wanadaiwa

Mwaka 1996 serikali ya Afrika Kusini iliamua kwamba matuta ya mchanga yaliyo mashariki ya ziwa St Lucia, KwaZulu-Natal, yasichimbwe madini. Naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini husimuliwa kana kwamba upande wa pili haukuwa na la kusema, na hilo si kweli.

Mchanga ule una madini ya ilmenaiti, rutaili na zikoni, malighafi za rangi nyeupe ya kupaka, metali ya titani na vigae. Kampuni ya Richards Bay Minerals ilikuwa ikichimba kusini ya hapo tangu 1977, na ilikuwa na kazi ya kuonyesha. Huchimba bwawa, mtambo ukaelea humo na kufyonza tuta lililo mbele yake. Madini mazito, ambayo ni sehemu ndogo tu ya mchanga, huchujwa; mchanga uliobaki humwagwa nyuma na kutengenezwa tuta jipya. Kwingine hupandwa mivinje, kwingine migunga huachwa iote ili msitu wa pwani urudi. Na miti hurudi kweli. Mzazi wa pale ambaye kijana wake hana kazi alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtambo huo usifike kwao.

Jopo la mapitio lililoongozwa na Jaji Ramon Leon lilishauri mwaka 1993 kwamba uchimbaji usiruhusiwe, eneo litumiwe kwa hifadhi na utalii. Watu wapatao 300,000 walitia saini kuupinga mgodi. Wengi hutaja kasa wa aina ya noa na duvi, wanaotaga kwenye fukwe za hifadhi ya St Lucia. Ila mahali pao pakuu pa kutagia pako kaskazini zaidi, kwa hiyo mimi siwategemei katika hoja hii.

Nategemea maji. Matuta yale, mengine yanayopita mita 180 kwa kimo, hunywa mvua na kuiachia polepole upande wa ziwa. Ukame ukikaza na ziwa likawa na chumvi kuliko bahari, viumbe wa maji baridi huponea kwenye ukingo ule unaovujiwa na maji ya matuta. Tuta lililofyonzwa na kumwagwa upya laweza kuota miti ile ile, lakini tabaka zilizopangwa na upepo kwa maelfu ya miaka zimeshavurugika. Sioni nani angeweza kuwaahidi viboko na mamba wa St Lucia kwamba maji yatapita njia yake ya zamani.

Kinachoniuma ni habari ya watu wa Bhangazi. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 waliondolewa katika ardhi ya matuta yale, na sehemu kubwa ikapandwa misonobari ya biashara. Kwa hiyo kabla ya mgodi kuzungumzwa, matuta yalikwisha kuchukuliwa na serikali. Dai lao la ardhi lilikubaliwa mwaka 1999, mwaka ule ule UNESCO ilipoiorodhesha hifadhi kuwa Urithi wa Dunia. Walilipwa fidia, lakini ardhi ikabaki hifadhi. Kuzuia mgodi hakukuwarudisha kwao.

Sisi wa Pwani ya Kenya tuna la kulinganisha. Madini ya aina hiyo hiyo yalichimbwa Kwale, katika matuta ya kale yaliyo mbali kidogo na bahari. Familia zilihamishwa, shehena ya kwanza ikaondoka 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa kuwa madini yalikuwa yamekwisha. Barabara na shule zimebaki, ajira nyingi zimeondoka. Miaka 11 ni michache mno kwa mtu aliyetoa shamba la babu yake.

St Lucia waliahidiwa kitu cha kudumu zaidi ya hicho: mapato ya wageni. Basi jamii zinazopakana na hifadhi zionyeshwe kila mwaka, kwa tarakimu, kiingilio cha lango kimeleta kiasi gani, vijana wangapi wa kwao wameajiriwa, na fungu lao limefika wapi.