Paa la Mmoja, Bili ya Wengine

Anayehoji malipo wanayopewa wenye paneli za sola juu ya mapaa yao huhesabiwa upesi kuwa wakili wa makaa ya mawe. Hukumu hiyo inamwonea, na Ujerumani inaonyesha kwa nini.

Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2000 iliwahakikishia wenye paneli bei maalumu, kwa miaka 20, kwa kila uniti waliyoingiza kwenye gridi. Fedha zilitoka kwenye tozo iliyobandikwa katika bili za umeme, ambayo mwaka 2017 ilifikia senti 6.88 za yuro kwa uniti. Senti hizo huonekana haba mpaka uzizidishe: nyumba inayotumia uniti 3,500 kwa mwaka ilichangia takriban yuro 240. Mpangaji wa ghorofani, asiye na paa la kuwekea chochote, alitozwa kiwango kilekile cha mwenye nyumba aliyekuwa akipokea malipo, ilhali viwanda vikubwa vinavyokula umeme mwingi vilisamehewa sehemu kubwa ya tozo. Na kwa kuwa bili ya umeme humega fungu kubwa zaidi la kipato cha maskini, usawa wa kwenye bili haukuwa usawa wa mfukoni. Julai 2022 tozo ilikoma na mzigo ukahamia kwenye bajeti ya serikali.

Watetezi husema, na ni kweli, kwamba soko lile lilisaidia kushusha bei ya paneli duniani kote. Lakini kama walimwengu ndio walionufaika, mpangaji alipaswaje kubebeshwa kiasi kile?

Bangladesh ilikwenda kwa mkopo. Kuanzia 2003, kupitia taasisi ya serikali ya IDCOL, kaya zaidi ya milioni 4 za vijijini zilipata paneli ndogo za kuwasha taa chache na kuchaji simu, zikilipa kidogo kidogo. Hakuna jirani aliyemlipia mwenzake. Ila wa kijijini alijinunulia mtambo wake kwa deni, huku wa mjini akiletewa nguzo mlangoni. Hiyo nayo ni dhuluma ya aina yake.

California ilipopunguza, Aprili 2023, malipo ya umeme wa ziada kwa wateja wapya wa sola, wapinzani walilia kwamba sola inauawa. Hata hivyo, jua likizama mwenye paneli huzirudia nguzo, nyaya na transfoma zilezile, na bili yake inapokaribia sifuri, matunzo ya vitu hivyo huwaangukia waliobaki.