Shangazi na kinu cha majambazi

Wenzangu wikiendi wanaangalia mpira, mi nakata makaburi ya karatasi. Ndo hobi yangu tangu nihamie London, natengeneza thieta ndogo za kuweka mezani, jukwaa, pazia, mandhari ya nyuma, waigizaji urefu wa kidole, kila kitu karatasi na kadibodi, na zangu zote ni za giza giza, makasri, popo, majeneza, mwezi umekaa vibaya. Mke wangu alishaacha kuuliza.

Sikuvibuni mimi hivi vitu. Waingereza wanavyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, mtoto anaenda dukani ananunua shiti zenye picha za waigizaji wa mchezo unaovuma mjini, peni moja kama hazina rangi, peni mbili kama zimeshapakwa, anabandika kwenye kadibodi, anakata na mkasi, halafu kila muigizaji anachomekwa kwenye waya mrefu anasukumwa aingie jukwaani kutokea pembeni. Pale Hoxton, mashariki ya London, mzee Benjamin Pollock aliziuza mpaka miaka ya 1930. Na mmoja kati ya michezo iliyopendwa mno ulitoka kwenye thieta ya Covent Garden, hapa hapa London, mwaka 1813, majambazi huko Bohemia (Ucheki ya leo) wanajifanya wasaga unga, mkubwa wao anaitwa Grindoff, mwisho kinu chao, yaani lile jengo la kusagia unga, kinalipuliwa kwa baruti. Tusidanganyane, watoto walikuwa wanasubiri huo mlipuko tu, na kulikuwa na unga maalumu wa kutoa moto mwekundu, wanauwasha kweli, ndani ya nyumba, kwenye kitu cha karatasi!

Mi nikasema hapana bana, hapa tunakaa ghorofani, changu kitalipuka kwa taa nyekundu za betri.

Basi nikaitengeneza. Nikaipaka nyeusi tii, vanishi juu ya vanishi mpaka ungeapa ni chuma, madirisha membamba yenye ncha nikayatoboa moja moja kwa wembe, minara, na makaburi pale mbele (kwenye mchezo hayamo, ni mi tu nayapenda). Nikaalika majirani wa floo yetu na watoto wao waje waone.

Sasa wiki hiyo hiyo shangazi alikuwa amefika kutoka Tanga. Chetezo chake cha udongo kilivunjika ndani ya begi, na kwa shangazi, wageni kuingia nyumba isiyonukia udi ni aibu ya ukoo mzima. Mi nimeshuka chini kuwafungulia watu, huku juu yeye anazunguka sebuleni anatafuta chombo, akaona kitu cheusi, cha chuma, kina matundu ya kutolea moshi, tena kina kipazia. Kingekuwa nini kingine? Akawasha kaa lake, yale ya duara, akaliweka kwenye kisahani, udi juu, akasukuma ndani nyuma ya kinu, akafunga pazia vizuri, akaenda zake kuswali isha.

Tunaingia, moshi unatoka taratibu kwenye madirisha ya kasri unapita juu ya makaburi. Watoto wametoa macho. Jirani ananiuliza, huu ukungu umeufanyaje? Harufu ya udi naisikia kabisa ila nikajua inatoka chumbani kwa shangazi, na moshi nikajua mke wangu kanifanyia sapraizi, kumbe na yeye anajua ni mimi, kila mmoja anamtabasamia mwenzake. Nikamjibu jirani, "Siri ya kazi."

Nikafungua pazia. Nikamsukuma Grindoff kutokea kushoto, akatoa vitisho vyake kwa sauti yangu nzito, akajificha nyuma ya kinu, nikamvuta atoke. Waya ulirudi na buti tu.

Halafu kinu kikashika moto, na tulikuwa bado kabisa hatujafika kwenye baruti. Watoto wanapiga kelele za furaha, wazazi wanapiga makofi, mi nimeshika swichi ya zile taa zangu nabonyeza, nabonyeza, sijui hata nabonyeza ili iweje. Hapo ndo shangazi akatoka na kanga zake za kuswalia, hakuuliza mtu, akanyanyua jagi la juisi ya ukwaju akaimwagia Bohemia yote. Moto ukazima. Suruali nyeupe ya jirani nayo ikapata fungu lake.

Mke wangu akafungua mlango moshi utoke, na ukatoka kweli, moja kwa moja mpaka kwenye alamu ya koridoni. Jengo zima likashuka kwa ngazi, huyu na taulo, yule na paka, baridi ya Novemba hiyo usiombe. Zimamoto wakaja. Mkubwa wao akaniuliza kimeungua nini, nikamwambia kinu. Kinu gani? Cha majambazi. Akaniangalia weee. Nikaanza kumweleza habari za 1813, yeye akaandika neno moja tu akafunga daftari.

Shangazi muda huo kashuka na bakuli la vitumbua anagawa, watu wa zimamoto nao wanakula. Akanivuta pembeni, kanishika mkono, anaongea kwa huruma kabisa:

"Baba, huyo aliyekuuzia chetezo cha karatasi mrudishie akupe pesa yako. Kakuibia mchana kweupe."