Zuhura yahitaji mitambo inayoishi na joto

Chombo kilichosikika kwa muda mrefu kuliko vyote kutoka ardhi ya Zuhura ni Venera 13 ya Umoja wa Kisovyeti: dakika 127, tarehe 1 Machi 1982. Tangu 1985 hakuna kingine kilichotua huko na kufanya kazi. Naamini tunakwama kwa sababu tumeng'ang'ania kukinga mitambo isipate joto, badala ya kutengeneza mitambo inayofanya kazi ndani ya joto hilohilo.

Watu wengi huogopa asidi na shinikizo la hewa. Matone ya asidi ya salfuriki yamo mawinguni, kilomita 48 hadi 70 juu, na hukauka kabla ya kugusa ardhi. Shinikizo ni kubwa, mara 92 ya la Dunia, lakini tufe la titani hulimudu. Joto ndilo lisilo na subira: nyuzi 465 za Selsiasi, mchana na usiku, karibu sawa kila mahali.

Wahandisi wa Venera walipambana nalo kwa ustadi mkubwa. Kabla chombo hakijaachiwa, ndani kilipozwa hadi chini ya sifuri. Kuta zilifunikwa kwa vizuia joto, na ndani ikawekwa chumvi ya lithi ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi na kumeza joto inapoyeyuka. Kilomita 50 hivi kutoka ardhini, parachuti ilikatwa makusudi ili chombo kishuke upesi na kisiive njiani. Hewa ni nzito kiasi kwamba sahani ya breki ilitosha kukitua kwa mita 7 au 8 kwa sekunde. Hata hivyo mambo madogo yaliharibika. Vifuniko vya kamera vya Venera 11 na 12 viligoma kufunguka, picha zikakosekana. Kifuniko cha Venera 14 kilifunguka vizuri, kikaangukia palepale mkono wa kupima udongo ulipolenga, ukapima kifuniko.

Saa mbili zinatosha kupiga picha na kuchunguza sampuli ya mwamba. Hazitoshi kuielewa sayari iliyo hai. Picha za rada za Magellan, chombo cha NASA kilichoizunguka Zuhura, za Februari na Oktoba 1991, zilipolinganishwa upya na matokeo kutangazwa 2023, zilionyesha tundu la volkano kwenye mlima wa Maat Mons limepanuka kutoka kilomita za mraba 2.2 hadi karibu 4. Kujua kinachoendelea chini yake kunadai kipimo cha mitetemo kinachosikiliza kwa wiki na miezi.

Saketi za silikoni ya kawaida haziwezi. Zikipita nyuzi 300 hivi, joto lenyewe huzalisha elektroni huru nyingi mno, transista, yaani swichi ndogo za umeme, zikashindwa kuzima. Saketi za silikoni kabaidi, yaani silikoni iliyoungana na kaboni, zinaweza: kituo cha Glenn cha NASA kiliziacha wazi, bila kupozwa, ndani ya tangi lenye hali ya Zuhura, zikafanya kazi kwa saa 521. Bado ni saketi sahili, hazina uwezo wa kuendesha kamera nzuri wala kuhifadhi data nyingi. Sioni hilo kama kikwazo. Kipimajoto, kipimo cha upepo, cha shinikizo na cha mitetemo havihitaji zaidi ya hapo, mradi redio itume kidogokidogo chombo cha obiti kinapopita juu. Ugumu uliobaki ni betri, kwani mwanga wa jua unaofika chini ni hafifu.

DAVINCI na VERITAS, zilizochaguliwa na NASA mwaka 2021, pamoja na EnVision ya Ulaya, ni safari nzuri na naziunga mkono. Lakini mbili zitachora kutoka juu, na kifaa cha DAVINCI kitapima hewa kikishuka kwa takriban saa moja bila kulazimika kuishi baada ya kugusa ardhi. Glenn wamekuwa wakiunda LLISSE, kituo kidogo kilicholengwa kudumu siku 60. Mchana mmoja wa Zuhura, macheo hadi machweo, ni siku zetu 58 hivi, kwa hiyo kituo hicho kingeweza kushuhudia giza likiingia au kuisha. Chombo chochote kitakachofuata kutua huko kingepaswa kutengewa nafasi ya kukibeba tangu michoro yake ya kwanza.