Fundi anayesema ukweli, nani anamlipa?

Pale Mkuti, Masasi, ukitaka ubishi wa kutwa nzima, uliza tu pikipiki ipelekwe wapi ikianza kusumbua: kwa wakala aliyeiuza, au kwa fundi mwenye boksi lake la spana chini ya mwembe. Kijiwe kitagawanyika papo hapo. Mmoja atakwambia fundi wa mtaani alimchomolea pistoni nzima akamfungia kimeo. Mwenzake atakwambia kwa wakala aliacha hesabu ya wiki nzima, ile fedha ya kumpelekea bosi, na pikipiki ikarudi na mlio uleule. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana hakuna anayeshinda.

Mimi naegemea kwa fundi wa mtaani. Ila sikubaliani na sababu inayotajwa kila mara, kwamba eti bei yake ni nafuu. Unafuu huo ndio unaotuharibia mafundi wazuri.

Wakala apewe haki yake kwanza. Kijana aliyechukua Boxer au TVS kwa mkataba anailipia kila siku kwa mwaka mzima au zaidi kabla haijawa yake. Chombo cha namna hiyo kikiwa bado ndani ya dhamana, kukifungua injini kwa fundi wa nje ni kuitupa dhamana yenyewe. Oili ya kwanza nayo inatakiwa imwagwe mapema, baada ya kilomita mia chache, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na unga wake unabaki humohumo ndani. Wakala anaijua ratiba hiyo, ana vifaa vya kupimia, na akikukosea una risiti mkononi na mlango wa kugonga. Kwa miezi ya mwanzo sioni kwa nini mtu aende kwingine.

Baada ya hapo shida inakuwa umbali. Wakala yuko mjini, na pikipiki haiharibikii mjini. Inaharibikia Kitangari. Inaharibikia kwenye mchanga wa Tandahimba, au katikati ya Nachingwea na Liwale, safari ya zaidi ya kilomita 100, ukiwa na abiria na magunia mawili. Hapo swali la nani ana cheti linakuwa la anasa. Unamtaka mtu aliye karibu, anayeweza kukufikisha. Na fundi wa huku amezoea kufanya kazi bila spea. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, mzigo wa Kariakoo ulibaki na njia ndefu ya kuzungukia Songea. Kwa siku kama hizo, anayejua kubadilisha kifaa tu hana kazi. Anayejua kukitengeneza kilichopo ndiye anayeweka pikipiki barabarani.

Sasa upande wa pili, maana hatuwezi kuwapamba tu. Mafundi maiko, yaani wababaishaji, wamejaa. Wapo wanaokaza boliti ya kumwagia oili kwa nguvu za kubebea zege mpaka meno yanaliwa, halafu wanaziba kwa gundi na kunyamaza. Wapo wanaotoa kichujio cha hewa wakakitupa kabisa, wakikwambia pikipiki "ipumue". Kwa siku mbili tatu inakimbia kweli. Kisha vumbi letu hili jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda, linasugua ringi na bloku, na baada ya muda ekzosi inatoa moshi wa bluu na oili inapungua bila kuvuja popote. Aliyelitupa lile sponji hukumbuki hata jina lake. Halafu kuna wale wa makusudi: spea nzima inatoka, inaingia iliyochoka, na ile nzima inauzwa kwa mteja wa kesho. Gereji bubu haitoi risiti, kwa hiyo ukienda kulalamika ni neno lako dhidi ya neno lake, mbele ya rafiki zake.

Anayesema mafundi hawa wafungiwe ana hoja. Lakini sidhani kama ameangalia wanavyolipwa.

Nilimtazama fundi mmoja Newala akiletewa pikipiki iliyokuwa inapiga misi, injini ikikatakata, na kukosa nguvu ikikabili mlima wa kutoka bondeni Ruvuma. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba injini lazima ishushwe. Huyu hakugusa injini. Alichomoa plagi akaigeuza kwenye mwanga: kichwa cheusi tii, kikavu, masizi matupu. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye bloku na mpini sikioni, akamwambia jamaa apige kiki. Akasikiliza. "Kaka, injini yako nzima," alisema, akaanza kufungua ubavu wa pikipiki. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeshonwa na udongo kiasi kwamba hewa haikuwa na pa kupita, na petroli ilikuwa inaingia nyingi kuliko hewa. Alikiosha, akakikamua, akasugua plagi kwa brashi ya waya, akarekebisha mwanya wake, akaseti sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta. Pikipiki ikaondoka inalia vizuri.

Malipo yakawa shilingi elfu mbili, na zilitoka kwa manung'uniko. "Umeosha sponji tu, fundi."

Huyu fundi alikuwa amemwokolea yule bwana gharama ya pistoni, ringi, gasketi, kuchonga bloku na siku kadhaa bila hesabu. Kwa kusema ukweli alipata elfu mbili. Angesema uongo, angepata fedha ya kushusha injini pamoja na cha juu kutoka duka la spea, maana wote tunajua fundi akipeleka mteja dukani harudi mikono mitupu. Mteja naye angelipa huku akilalamikia ugumu wa maisha, si fundi. Yaani katika biashara hii macho na masikio ya fundi ni bure. Tunalipa spana ikizunguka na chuma kikitoka. Mtu akibaki mwaminifu hapo, anajinyima mwenyewe, na huwezi kujenga huduma ya mkoa mzima juu ya watu wa kujinyima.

Nilipolitoa wazo kwamba fundi alipwe kwa kuchunguza, hata kama hakubadilisha kitu, kijiwe kilinicheka. Na kicheko chao kina maana. Dereva anayerudisha hesabu kwa bosi kila jioni hana elfu tano ya kulipia maneno. Isitoshe, nitajuaje kama kachunguza kweli au kakaa na bisibisi sikioni akiigiza? Fundi maiko naye atajifunza kutoza ada ya kuangalia, halafu bado aishushe injini. Hilo siwezi kulikataa. Ninachojibu ni kwamba zahanati binafsi tunalipia kipimo cha malaria, na majibu yakisema hakuna malaria hatumdai mtaalamu wa maabara arudishe hela, tunatoka tumefurahi. Tena kwa fundi una njia ya kuhakiki ambayo maabara huna: mwambie akuonyeshe. Plagi yenye masizi inaonekana. Kichujio kilichoziba kinaonekana. Ringi iliyolika inaonekana ukiisukuma ndani ya silinda na kutazama mwanya wake. Fundi anayekwambia "hutaelewa, niachie mimi" ameshakupa jibu, chukua pikipiki yako.

Kuna deni pia, na hapa lawama inatugeukia wateja.

Huku kwetu fedha ina msimu. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima, bodaboda zinabeba kuanzia alfajiri, kila mtu ana tairi jipya. Ukifika wakati wa kupulizia salfa mashambani, mifuko imeshakauka. Pikipiki haijui msimu, klachi inakufa ikitaka. Hapo fundi wa mtaani anafanya jambo ambalo wakala hatalifanya hata siku moja: anafunga klachi, anaandika jina kwenye daftari, anasubiri mnada. Kwa familia nyingi za Newala, Tandahimba na Ruangwa, fundi ni mkopeshaji wa miezi sita bila riba na bila dhamana. Watu wakisifu uaminifu wa mafundi husahau kutaja kwamba mafundi nao wanatuamini.

Kisha mnada unafika. Mteja anashuka mjini, ananunua spea mwenyewe, anafungiwa hukohuko, na njia ya kupita pale mwembeni anaikwepa. Daftari linabaki na majina. Fundi ambaye mtaji wake umelala kwa watu ishirini hana uwezo wa kuweka spea OG, ile halisi. Ataleta ya bei ya chini, itakatika, na tutasema mafundi wa mtaani ni matapeli. Spea feki zina chanzo chake bandarini na madukani, lakini sehemu yake nyingine inaanzia kwenye madeni yetu wenyewe.

Uaminifu huu una mpaka wake, nao si mzuri. Unafanya kazi kwa watu wanaojuana. Fundi hatakubadilishia pistoni ikiwa watoto wenu wanasoma darasa moja na mama yako anajua kwao. Dereva aliyetoka Songea na mzigo, au mtumishi aliyehamia jana, hayumo kwenye mkataba huo. Atatajiwa bei nyingine, na pengine spea nyingine. Kwa mtu wa aina hiyo hoja ya risiti na mlango wa kugonga inarudi na nguvu zake zote, na sioni namna ya kuipuuza.

Ndiyo maana siwabezi wanaotaka mafundi warasimishwe. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazi mitaani na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani miaka mingi, na ina vyuo Mtwara na Lindi. Ni jambo jema. Cheti kinamsaidia fundi kupata kazi ya halmashauri au kukopeshwa kupitia kikundi. Ila cheti kinapima kama anajua kuseti valvu. Hakipimi kama atakwambia valvu zako hazina shida. Na ukifanya cheti kiwe sharti la kufungua boksi la spana, vijana wa Mangaka na Liwale watafunga, na wa mjini watapandisha bei.

Njia ninayoiona ina unafuu iko mikononi mwa wenye pikipiki tatu nne za mkataba, ambao Masasi na Mtwara mjini ni wengi. Chagua fundi mmoja. Mlipe kiasi kwa mwezi kwa kila pikipiki, ziharibike zisiharibike, na spea ununue mwenyewe, ile ya zamani irudi kwako kwenye mfuko. Cha juu kinakufa hapohapo, na faida ya fundi inakuwa pikipiki zisizosimama. Bosi mmoja niliyemweleza hivi alipinga kwamba fundi wa mshahara atafichaficha ubovu ili asisumbuke. Inawezekana. Lakini ubovu uliofichwa kwenye pikipiki ya biashara haukai wiki mbili. Dereva yuko juu yake kutwa, na hesabu ikikosekana dereva ndiye wa kwanza kusema.