Kipimo Kabla ya Mwiko

Mvua zikikaribia, mjadala wetu wa Kigoma huwa uleule. Jengo la mawe la enzi ya Mjerumani limefumuka viungio, maji yanaingia, na kila mtu ana dawa. Wengi wanasema leta saruji mifuko kadhaa, fundi amalize wiki hii. Wachache wanataka kipande cha udongo wa chokaa wa zamani uliounga mawe kipelekwe maabara kwanza, na wachache hao huchekwa: kupima udongo! Huko si kuchezea pesa?

Tuseme ukweli, wanaocheka wana hoja. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250 kwa reli, na majibu hayaji kesho. Wakati karatasi inasubiriwa, ukuta unaendelea kunyeshewa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, kwa hiyo hakuna anayepaswa kudhani kwamba utaalamu peke yake unashikilia dari. Na kwa nyumba za udongo mtupu, mfano wa matembe ya Tabora, fundi aliyekandika kuta hizo miaka yote anajua udongo wake kuliko mashine yoyote.

Ila ukuta wa mawe ni habari nyingine. Wengi wanadhani mtaalamu anatafuta resipe ya Mjerumani ili aiige. Anachotafuta hasa ni kujua ukuta unaweza kuvumilia nini.

Kuna ukuta mmoja hapa mjini ninaoupita mara kwa mara. Viungio vyake vilizibwa kwa saruji zamani kidogo. Saruji ipo, imara kabisa. Mawe ndiyo yameliwa yakaingia ndani, kila jiwe limebaki shimo ndani ya fremu ya saruji, kama picha iliyong'olewa. Chini yake kuna unga wa jiwe. Ukiusugua kwa vidole unakwaruza.

Sababu iko kwenye tarakimu ambazo huwa sichoki kuzitaja. Udongo wa chokaa tupu uliokomaa hustahimili mgandamizo wa megapaskali (kizio cha kupimia mgandamizo) 1 au 2 hivi. Saruji moja kwa mchanga tatu inapita 10 bila jasho. Fundi akisikia 10 anafurahi, na kwa nyumba mpya ya tofali ana haki. Lakini ukuta wa zamani hucheza: jua linaupanua, usiku unasinyaa, ardhi chini yake inatulia. Chokaa hufuata. Saruji hukaza, na kinachopasuka ni jiwe. Halafu kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini. Zamani ulitokea kwenye kiungio cha chokaa. Ukikiziba, unatokea kwenye jiwe. Mkoa wenye Uvinza, mji wa chumvi, hauhitaji somo hapa: maji ya chumvi yakikauka, chumvi hubaki. Tofauti ni kwamba sufuria safari hii ni jiwe lenyewe, na chembe za chumvi zinapokua ndani yake hulibandua magamba.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Asidi huyeyusha chokaa, mchanga unabaki, unachekechwa na kupimwa, ukajua uchote wa aina gani. Kina mtego wake: mchanga ukiwa na vipande vya kombe za majini au mawe ya chokaa, navyo huyeyuka, na hesabu itakudanganya kwamba chokaa ilikuwa nyingi. Ndiyo maana kipande kingine husagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upite, kisomwe kwa hadubini. Yote haya kwa donge la ukubwa wa kiganja, lililotolewa mahali ambapo hakuna aliyewahi kukarabati.

Wanaosema tujenge kwanza, tukikosea tutarekebisha, wanasahau jambo moja. Chokaa iliyokosewa utaikwangua kwa msumari. Nilimpeleka fundi kwenye ukuta ule, nikamuuliza saruji itatokaje. Akagonga mara mbili kwa patasi. Saruji ilikuja, na kona ya jiwe ikaja nayo. Akaishika mkononi, akaigeuza. "Mzee," akasema, "hii haitoki bila jiwe."