Shemeji kaondoka, harufu ikahamia

Jamani acheni tu. Shemeji yangu kakaa kwangu miezi sita, chumba cha wageni na bafu lake humohumo, siku aliyobeba begi nikafunga ule mlango kwa heshima zote nikalala kama mtoto. Wiki kadhaa mbele napita koridoni nakutana na yai viza. Sio yai lenyewe, harufu yake, imesimama pale kama inadai kodi.

Nikasema huyu mtu kaacha soksi. Nikapekua kitanda, nikavuta kabati, nikamulika tochi kutafuta panya aliyekufa, mpaka watoto nikawanusa miguu. Wapi! Nikapulizia marashi, ikawa yai viza linaenda harusini. Na kinachoudhi, ukikaa humo kidogo huisikii tena, hiyo gesi inayonuka yai viza, haidrojeni salfaidi, inachosha pua, kwa hiyo mimi nashinda naapa imeisha hiyo, mgeni akikanyaga tu mlangoni anauliza choo kimeziba?

Fundi wa kwanza kanusa mara moja, kasema tuvunje sakafu. Sakafu! Nikamwambia nitakupigia. Wa pili mzee mmoja, hata mkoba wa vifaa hakufungua, kauliza, "Nani anaoga huku, baba?" Nikamjibu hakuna mzee wangu, tangu shemeji aondoke. Akasema lete ndoo ya maji. Kaimimina kwenye tundu la sakafuni, basi, kazi imeisha, ananiangalia.

Kumbe chini ya kila tundu, la bafu, la sinki, kuna kona mafundi wanaiita trepu, bomba limepinda likabakiza maji kama sentimita tano hivi, na hayo maji ndiyo mlango, uchafu unapita kwenda ila gesi ya kwenye chemba hairudi. Bafu lisipotumika yanakauka taratibu, mlango uko wazi, na wewe uko bize na marashi. Wala sio mambo mapya, Alexander Cumming, fundi saa wa Kiskoti, alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya choo chenye kona hiyo mwaka 1775, kwa hiyo dunia nzima ilishajua isipokuwa mimi na yule wa kuvunja sakafu.

Mzee kasema mimina maji mara kwa mara, juu weka kijiko cha mafuta ya kupikia yasikauke haraka. Ila ukivuta maji chooni ukasikia sinki linakoroma, koro koro koro, hapo tatizo lingine, bomba la hewa la kule juu ya paa limeziba, majani au kiota cha ndege, choo kinanyonya maji ya trepu ya mwenzake. Nikamwambia nilikuwa nawasha kiberiti kuua harufu, akanitazama nyusi kwanza, maana humo kuna methani na methani inawaka.

Nikamlipa. Ndoo yangu, maji ya bomba langu, nikalipa.

Sasa kila Jumapili mnaniona na jagi namwagilia bafu kama bustani. Mke wangu ananiangalia, anasema, "Kaka yangu alikuwa anaoga mara mbili kwa siku, harufu uliisikia?" Nikanyamaza. Jana usiku namsikia kwenye simu anacheka, "Njoo tu, chumba kipo, tena yeye mwenyewe atafurahi."