Diski Zenye Matundu Matano: Hoja ya Wanaoagiza Spea Mtandaoni

Kila gereji ya Dodoma niliyowahi kupeleka Subaru Impreza yangu nimeambiwa jambo lile lile: kuagiza spea mtandaoni ni kujitafutia hasara, nenda Kariakoo. Wanaosema hivyo wana uzoefu, na baadhi yao ndio walionifundisha kushika spana. Ila upande wa wanaoagiza haujawahi kuelezwa sawasawa. Watu hudhani tunakimbilia bei rahisi, au tunatafuta sifa ya kufunga kitu kilichotoka Japani jana. Bei mara nyingi si rahisi hata kidogo. Tunachofuata ni namba.

Gari langu ni WRX STI ya 2006, yaani Impreza ya mbio, yenye msimbo wa kiwanda GDB, toleo la F. Diski za breki za mbele zilipoisha nilimpigia muuzaji mmoja Dar es Salaam, nikamweleza kwamba ni STI yenye kalipa (vibanio vya breki) za Brembo. "Bosi, zipo, na zinaingia bila shida," akanijibu. Nikatuma pesa, zikapanda basi la usiku, asubuhi nikazipokea stendi ya Nanenane. Ukizilaza juu ya zile za zamani huoni tofauti: kipenyo milimita 326, unene 30, matundu matano. Fundi akaipandisha ya kwanza kwenye habu, kitovu cha gurudumu, ikagoma. Akaigeuzageuza, akapangusa kutu, akajaribu tena. Kila stadi, yaani boliti ya habu, ilikuwa nje ya tundu lake kwa milimita saba hivi.

Sababu ni kwamba STI za mwanzo za GDB nati zake ziko kwenye mduara wa milimita 100. Kuanzia modeli ya mwaka 2005 Subaru walihamia mduara wa milimita 114.3, huku WRX ya kawaida ikibaki na ule wa zamani. Kwa hiyo muuzaji yule hakunidanganya. Diski zilikuwa za STI kweli, ila za STI nyingine. Hakuniuliza toleo, na mimi sikumpa. Fundi akapendekeza tutoboe matundu mapya katikati ya yale ya zamani, nikakataa. Diski ya breki ndiyo inayokushikilia unapoteremka milima ya Kondoa ikiwa imepata moto, na tundu la drili ya mkono likipishana kidogo tu, hatari yake siwezi kumbebesha abiria wangu. Gari likakaa juu ya jeki wiki mbili.

Sasa linganisha na katalogi ya mtandaoni. Unaingiza namba ya chasisi, inakufungulia mchoro wa gari lako, si wa ukoo mzima wa Subaru, na kila nati ina namba yake. Herufi inayofuata GDB kwenye bamba lililo ndani ya boneti, kuanzia A hadi G, ndiyo inayotenganisha diski zinazoingia na zile zilizoniletea taabu. Ukibonyeza kitufe cha kununua unakuwa umeagiza namba, na boksi likifika unalinganisha namba na namba kabla hujafungua hata boliti moja.

Jambo hili linaniuma zaidi nikifika kwenye mkanda wa taimingi. Injini yangu, EJ20 yenye kamshafti nne (shafti zinazofungua valvu), ni ya aina ambayo mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na mara nyingi hata zenyewe kwa zenyewe. Japani mkanda hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mkanda feki na mkanda orijino ukivishika mkononi vinafanana, vyote vyeusi, vyote vina meno. Tofauti utaijua siku injini itakapozima katikati ya Kibaigwa na Gairo. Seti nzima, yaani mkanda, tenshona (kikaza mkanda) na rola zake, ni kilo chache tu, nauli yake inabebeka. Kwa nini kitu kinachoamua uhai wa injini nikinunue kwa kuangalia rangi ya boksi?

Hoja nzito ya upande wa pili ni kodi, na hapo wako sahihi. Forodha hupiga hesabu juu ya bei ya kifaa pamoja na bima na nauli. Chukulia kifaa cha shilingi 300,000 chenye nauli na bima ya 120,000. Kikiwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 10 unafika 462,000, kisha VAT ya asilimia 18 inakupeleka 545,160. Kikiwa kwenye asilimia 25 unamaliza na 619,500, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Yaani hata nauli yenyewe unailipia kodi. Muuzaji wa Kariakoo naye analipa, ila nauli yake anaigawanya kwenye kontena zima. Ndiyo maana vitu vizito, kama diski hizo hizo, milango au gia boksi, havifai kuletwa kimoja kimoja kwa ndege, nami sivileti.

Tena namba ya chasisi inaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Haielezi kilichofanyika baadaye. Gari lililobadilishwa habu au gia boksi litaipoteza katalogi, na hapo jicho la fundi linashinda mtandao. Feki nazo zimejaa mtandaoni, hasa breki pedi zenye maandishi makubwa na bei ndogo. Kurudisha kitu nje ya nchi ni gharama ambayo wengi huamua kuisamehe, wakati cha Kariakoo unakirudisha kwa basi la jioni.

Hayo yote nayakubali, na bado naagiza vitu vidogo vinavyotaka usahihi: sensa, gasketi, beringi, mikanda. Mafundi wangu wawili sasa hupiga picha bamba la chasisi kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, wa mtandaoni au wa dukani.

Mwezi uliopita nilimtafuta tena muuzaji yule wa diski kwa ajili ya beringi ya nyuma. Safari hii sikutaja Subaru. Nilimsomea namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Akasema, "Subiri kaka, nikaangalie boksi." Akarudi baada ya dakika tatu: "Hiyo sina. Niliyonayo inaishia na namba nyingine." Nilimshukuru kwa moyo wote, na nitanunua kwake tena.